Jasiri, mjuvi au fidhuli? Namna ya kuchagua neno la Kiingereza kwa mtu asiyeogopa

Mwanafunzi wa Goma akiingia darasa la Kiingereza, tayari ana Kiswahili na Kifaransa kichwani. Kwa habari ya ujasiri na ujeuri, zote mbili zitamsaidia na zote mbili zitamponza. Neno "jeuri" ni pana mno: humfaa mtoto anayejibishana na mama yake, na pia jambazi anayeiba mchana kweupe. Kifaransa nacho kinampa maneno yenye sura ileile ya Kiingereza, naye anadhani uzito ni uleule.

Ukijifunza kwa orodha ya maana, yote yatakutokea kama neno moja. Afadhali ushike tukio moja, ulibadilishe kidogo kidogo, na kila mara utafute neno linalolifaa.

Tukio ni hili. Mwalimu amerudisha karatasi za interro, yaani jaribio dogo la darasani. Mwanafunzi anainuka: "Prof, 8 na 5 ni 13, lakini mumeandika 12." Amesema kwa heshima, sauti haitetemeki. Huyo ni "bold". Hapo neno hilo ni sifa, ingawa likitamkwa kwa kukunja uso linaweza kuwa lawama. Kama mwalimu anajulikana kwa hasira na kijana alijua anaweza kufukuzwa darasani, sema "daring", kwa sababu neno hili hubeba hatari ndani yake. "Audacious" liache kwa jambo kubwa zaidi, kama mpango ambao wengine wasingethubutu hata kuuwaza. Kwa pointi moja ya interro ni zito mno.

Sasa kijana anaongeza, huku anatabasamu: "Hii si hesabu ya primaire, Prof?" Amekuwa "cheeky". Ni ujuvi unaoweza kumchekesha hata aliyekosewa. Waingereza hulitumia kila siku. Wamarekani hulitumia kidogo. Mkubwa humwambia mtoto, au marafiki huambiana. Usimwandikie bosi wako kwamba ombi lake ni "cheeky", isipokuwa mmezoeana sana.

Badala ya hesabu, kijana anamuuliza mwalimu analipwa kiasi gani kwa mwezi. Hapo chukua "impertinent": ameingilia lisilomhusu, amevuka mpaka wa nafasi yake. Hata akiuliza kwa sauti laini, neno linabaki palepale.

Akitupa karatasi mezani na kumgeuzia mwalimu mgongo kabla hajajibiwa, huyo ni "insolent". Angalia mambo mawili: kuna dharau ya wazi, na kwa kawaida dharau hiyo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Bosi anayemtukana mfanyakazi ni "rude" au "abusive"; "insolent" haimkai vizuri. Shuleni kwetu Kifaransa humpachika mtoto neno hili kwa kosa dogo tu, ndiyo maana wengi hulitumia ovyo kwa Kiingereza, ambako linauma zaidi.

"Impudent" ni jirani yake, lakini lina mzizi wa Kilatini wa kuona haya, likitanguliwa na kikanushi. Basi ni mtu asiye na haya. Lina harufu ya vitabu. Kwenye mazungumzo ya kawaida watu husema "cheeky" au "rude". Na hapa ndipo wengi huanguka: "imprudent", yenye r, ni mtu asiye na busara wala tahadhari. Herufi moja inamtoa mtu kwenye ufidhuli na kumtia kwenye uzembe.

"Brazen" linahitaji tukio lingine. Mmepatana bei na mwendesha pikipiki pale Birere, mtaa wa Goma, rafiki yako akisikia. Mkifika Himbi, mtaa mwingine, anadai mara mbili ya bei hiyo, na rafiki yuleyule yupo, na jicho la mwendeshaji halipepesi. Neno limetokana na "brass", mchanganyiko wa shaba na zinki. Uso wa madini hauwezi kuona aibu, nasi tunauita uso mkavu. Linafaa pia kwa tendo lenyewe: "a brazen lie", uongo wa waziwazi. Uongo huohuo Waingereza huuita pia "barefaced", na Wamarekani "bald-faced".

Kuna neno moja la kuepuka hadi ujue unayeongea naye. "Nervy" kwa Mwingereza ni mtu mwenye wasiwasi, kwa Mmarekani ni mtu mwenye ujuvi. Na nchini Ireland mtoto akiitwa "bold", mama yake hamsifii: amekuwa mtundu.

Kwa sentensi, sema "insolent to him", si "with". Kwa nomino sema "he had the audacity to ask" au "the cheek to ask", na kitenzi kikae katika umbo lake la msingi, bila "-ing", baada ya "to". Wanaotafsiri kutoka Kifaransa huandika "the audacity of asking", na msomaji hujikwaa. Katika matamshi, mkazo unahama: IM-pyu-dent, IN-so-lent, im-PER-ti-nent, o-DEI-shas, BREI-zen. Kuukandamiza mwisho, kama Kifaransa, ndilo kosa linalosikika kwanza.

Na barua ya kuomba kazi katika shirika: usiandike "I am audacious" kwa kuwa Kifaransa kingesema hivyo. Andika "confident", au bora zaidi, taja jambo ulilolianzisha mwenyewe na matokeo yake.

Mazoezi: kata karatasi ya daftari vipande 8, kila kimoja neno moja, nyuma yake tukio la mtaani kwenu kwa Kiswahili bila tafsiri. Mwenzako asome tukio, wewe utaje neno. Ukisita kati ya mawili, jiulize kwanza kama aliyefanya yuko chini ya aliyefanyiwa, kisha kama aliona aibu.