Unataka kujua wapelelezi wa polisi Western Cape, jimbo la Cape Town kule Afrika Kusini, wana hela na watu kiasi gani? Pita huku

Kosa la kwanza watu wanafanya ni kumlaumu premia, yaani mkuu wa serikali ya jimbo. Polisi wa Afrika Kusini ni SAPS, polisi wa serikali kuu nchi nzima, katiba inaliachia jimbo kazi ya kusimamia na kuuliza maswali tu, hela haipiti kwake. Idara ya jimbo inaweza kukagua kituo na kupiga kelele mpaka sauti ikauke, ila kumuajiri mpelelezi hata mmoja wa SAPS haiwezi.

Kwa hiyo anzia juu. Bajeti ya taifa kawaida inasomwa Februari (2025 ilichelewa mpaka Mei kwa ugomvi wa VAT) na mwaka wa fedha unaanza Aprili 1. Ingia tovuti ya hazina yao, tafuta Vote 28, hiyo ndo Police, ina mafungu matano na la tatu ndo la upelelezi, Detective Services, linachukua kama sehemu moja ya tano ya hela yote. Usifurahi mapema lakini, maana humo humo kuna maabara, kuna alama za vidole, kuna na wale Hawks wa kesi kubwa kubwa za ufisadi. Mpelelezi wa kituoni aliyeshika jalada la jirani yako yuko kifungu kidogo kinaitwa Crime Investigations, kasome hicho. Halafu utagundua kitu kinakera: kitabu cha bajeti kinagawa hela kwa kazi, hakigawi kwa jimbo.

Ndo maana lazima uulize, na swali likiwa bovu unapewa jibu bovu. Ukiuliza "mna wapelelezi wangapi" watakutajia namba nzuri tu, na ndani yake wamo wakubwa wa ofisini wasioshika kesi. Uliza hivi: kituo fulani kinatakiwa kiwe na wapelelezi wangapi, waliopo wangapi, kati yao wanaobeba majalada (huku wenyewe wanaita doketi) ni wangapi, kila mmoja ana majalada mangapi leo, magari ya upelelezi yanayotembea mangapi na yaliyolala gereji mangapi. Alafu uliza hivyo hivyo kwa kituo cha mtaa wa matajiri. Namba moja peke yake haikuambii kitu, uzito unauona ukiziweka mbili pembeni.

Hii ya kulinganisha sijaitoa kichwani. Tume iliyochunguza polisi wa Khayelitsha, mtaa wa maskini Cape Town, ikiongozwa na jaji mstaafu Kate O'Regan na Vusi Pikoli, ilitoa ripoti 2014 na ikakuta wapelelezi wa kule wamezama kwenye majalada. Waziri wa polisi alienda mpaka mahakama ya katiba kuizuia tume, akashindwa 2013. Desemba 2018 mahakama ya usawa ikasema mgao wa polisi Western Cape unabagua kwa rangi na kwa umaskini. Chanzo kimojawapo ni hesabu yenyewe ya kugawa polisi, inaangalia sana uhalifu ulioripotiwa, sasa mtaa ambao watu wameshakata tamaa kuripoti unaonekana shwari kwenye karatasi. Na sisi wageni, Wabongo na Wakongo wa huku, ndo vinara, mtu anaibiwa simu na pasipoti anaishia kulalamika kwenye grupu la WhatsApp.

Njia ya kuuliza: rahisi ni kumpa swali mbunge wa kamati ya polisi alipeleke bungeni kwa maandishi, waziri anatakiwa kujibu, na kabla hujahangaika kapekue majibu ya zamani kwenye tovuti ya PMG, shirika linalofuatilia bunge la huku, mara nyingi mtu alishauliza. Ya pili ni PAIA, sheria ya 2000 ya kupata taarifa, unajaza fomu unapeleka SAPS, wana siku 30, zikipita kimya inahesabika wamekukatalia na hapo unakata rufaa. Tunza ushahidi wa tarehe uliyopeleka! Ya tatu ni vikao vya CPF, ile jumuiya ya polisi na wakazi, hapo takwimu hupati sana ila utasikia gari limeharibika tangu lini.

Usisahau maabara. 2021 sampuli za DNA zilizokuwa zinasubiri nchi nzima zilipita 200,000, kwa hiyo hata kituo kikiongezewa wapelelezi kumi, kesi ya ubakaji inaweza kukaa tu ikingoja karatasi kutoka Plattekloof, ilipo maabara ya polisi ya Western Cape. Kwenye barua yako ongeza swali la majalada mangapi yanasubiri majibu ya maabara, na tangu mwezi gani.