Kutumia lenzi za fremu kamili kwenye kamera ya kropu: mwongozo kwa wapiga picha wa Bagamoyo

Lenzi nyingi nzuri zinazouzwa mkononi Kariakoo, pamoja na zile ambazo sisi wapiga picha wa Bagamoyo huazimana msimu wa harusi unapopamba moto, zilitengenezwa kwa ajili ya kamera za fremu kamili, yaani zenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) kikubwa, ilhali kamera ambazo wengi wetu tunaanzia kazi ni za kropu, zenye kihisi kidogo. Lenzi hizo hufanya kazi vizuri katika kamera zetu, na baadhi yake hutoa picha safi kuliko lenzi iliyokuja na kamera kwenye boksi. Lakini anayeifunga bila kufanya hesabu ndogo kabla ya kwenda kazini hugundua akiwa mbele ya wateja kwamba chumba hakimtoshi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mimi mwenyewe kila ninapoingiza lenzi mpya kwenye begi.

Hatua ya kwanza: fahamu ukubwa wa kihisi chako

Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, vipimo vilivyorithiwa kutoka kwenye fremu ya filamu ya milimita 35. Kihisi cha kropu cha Nikon, Sony na Fujifilm kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni kidogo zaidi, takriban milimita 22.3 kwa 14.9. Ukigawanya 36 kwa upana wa kihisi chako utapata kizidishio cha kamera yako, nacho ni 1.5 kwa kundi la kwanza na 1.6 kwa Canon.

Lenzi ya fremu kamili hutandaza ndani ya kamera duara la taswira lenye kipenyo cha milimita 43 au zaidi, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kihisi kikubwa kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Kihisi cha kropu hukaa katikati ya duara hilo na kuchukua sehemu yake tu. Fikiria kanga iliyotandazwa nzima, kisha pindo zake zote zikafunikwa na ukabaki unaona mji peke yake: kanga haikuvutwa, wala maua yake hayakukua. Vivyo hivyo, lenzi ya 50mm hubaki kuwa 50mm, na taarifa za picha utakazosoma kwenye kompyuta zitaandika 50 kwa haki kabisa. Kilichobadilika ni upana wa kile unachokiona, ambacho kwenye Canon ya kropu hulingana na kile ambacho mwenye fremu kamili angekiona kwa lenzi ya 80mm.

Hapa pana jambo linalopotosha watu wengi, nami ninalirudia kwa kila kijana anayeniuliza. Kizidishio ni cha kamera, si cha lenzi. Ukichukua lenzi ya 18-55 iliyotengenezwa mahsusi kwa kropu ukaiweka kwenye 50, kisha ukafunga lenzi ya 50mm ya fremu kamili kwenye kamera ileile, picha zote mbili zitakuwa na upana uleule. Anayezidisha namba ya lenzi moja na kuiacha nyingine atachanganyikiwa atakapozilinganisha.

Hatua ya pili: hakikisha lenzi inafunga, na kwamba inafokasi

Kwa Canon zenye kioo ndani, lenzi za fremu kamili ni zile za EF, zilizoanza kutolewa mwaka 1987, na hutambulika kwa nukta nyekundu kwenye kifungio chake. Kamera ya kropu yenye kifungio cha EF-S ina alama mbili, nukta nyekundu na mraba mweupe, hivyo lenzi ya EF unailinganisha na nukta nyekundu na kuizungusha hadi isikike imeshika. Kinyume chake hakiwezekani, kwani lenzi ya EF-S haifungi kwenye Canon ya fremu kamili yenye kioo. Mwenye kamera mpya isiyo na kioo, kama vile R10 au R7, hufunga lenzi za RF moja kwa moja, na kwa lenzi za EF huhitaji adapta.

Kwa Nikon tatizo huwa otofokasi, yaani kamera kufokasi yenyewe. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa wanaoanza, hazina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Lenzi iliyoandikwa AF-S ina mota yake yenyewe na itafokasi bila shida, lakini iliyoandikwa AF au AF-D, kama ile 50mm f/1.8D inayopendwa kwa sababu ya bei yake, itafunga vizuri, itapima mwanga vizuri, na haitafokasi mpaka uizungushe kwa mkono. Kamera za mfululizo wa D7000 zina mota na huendesha lenzi zote hizo. Muulize muuzaji uone lenzi ikifokasi katika kamera yako mwenyewe, si katika kamera yake.

Kwa Sony, herufi FE zinaonyesha lenzi ya fremu kamili, nayo hufunga kwenye A6000 na ndugu zake bila adapta yoyote.

Adapta ya kawaida ni bomba tupu lenye nyaya za mawasiliano, kwa hiyo haibadilishi hesabu ya hatua ya kwanza. Zipo adapta za kamera zisizo na kioo ambazo zina lenzi ndani yake. Speed Booster ya Metabones, kwa mfano, hubana taswira kwa 0.71, hivyo 50mm hufanya kazi karibu na 35mm na mwanga huongezeka kwa takriban stopu moja, yaani mara mbili. Ni kifaa kizuri, ila bei yake mara nyingi inatosha kununua lenzi nyingine, na mimi ningenunua lenzi.

Hatua ya tatu: pima mahali utakaposimama

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu lenzi hununuliwa mara moja lakini mahali pa kusimama panatafutwa katika kila kazi. Kanuni yake ni nyepesi: zidisha urefu wa fokasi, yaani milimita za lenzi, kwa kimo au upana wa kile unachotaka kiingie kwenye picha, kisha gawanya kwa kimo au upana wa kihisi kwa namna ulivyoishika kamera. Jibu ni umbali wa kusimama, na ukitumia mita kwa kitu na milimita kwa lenzi na kihisi, jibu linakuja kwa mita.

Chukua bibi harusi amesimama, nawe unataka aonekane kuanzia juu ya kichwa hadi chini ya gauni, pakiwa na nafasi kidogo juu na chini, jumla mita 2. Umesimamisha kamera wima, kwa hiyo kimo cha kihisi cha Canon ya kropu ni milimita 22.3. Kwa lenzi ya 50mm, 50 mara 2 ni 100, na 100 gawanya kwa 22.3 ni takriban mita 4.5. Mwenzako mwenye fremu kamili na lenzi hiyohiyo angesimama mita 2.8 tu. Vyumba vingi vya nyumba zetu, ambamo bibi harusi anapambwa huku shangazi, makungwi na mashoga wamejaa pande zote, havikupi mita 4.5 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukitumia 35mm utahitaji mita 3.1, na ukitumia 24mm utahitaji mita 2.2. Kwa sababu hiyo, lenzi ya 50mm kwenye kropu ninaichukulia kuwa lenzi ya nusu mwili na ya uso, nayo kwa kazi hiyo ni nzuri mno, kwa kuwa inakuweka mbali kiasi cha kutovimbisha pua wala kupunguza masikio.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini zumu ya 24-70mm, ambayo kwa wenye fremu kamili ni lenzi ya kazi zote, kwetu inafupika upande wa upana. Kwenye Canon ya kropu inaona kama 38 hadi 112. Ndugu wa pande zote mbili wakipangwa kwenye mstari wa mita 5 mbele ya nyumba, kwa 24mm utarudi nyuma mita 5.4, na kama nyumba yenyewe iko katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambako nyumba zenye milango ya nakshi zinatazamana karibu kwa karibu, utapima mtaa kwa hatua zako kabla ya kuwaahidi picha hiyo. Hata kwenye magofu ya Kaole, ambako uwanja ni wazi na hakuna anayekubana, nguzo ya kaburi itaingia yote katika picha kwa kurudi nyuma, lakini ukirudi nyuma uwiano kati ya nguzo hiyo na miti iliyo nyuma yake hubadilika, na picha huwa si ile uliyoiona ukiwa umesimama karibu.

Upande wa pili wa hesabu ni faida tupu. Katika maonyesho ya ngoma pale TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, zumu ya 70-200mm ikiwekwa kwenye 200 huona kama 320, na mchezaji aliyepewa nafasi ya mita 3 kutoka juu hadi chini atajaza fremu ya kamera iliyolazwa hata ukiwa umbali wa mita 40. Huhitaji kusogea jukwaani na kuwaziba watazamaji.

Hatua ya nne: weka apecha na shata

Kwa upande wa mwanga hakuna cha kuzidisha. Apecha, yaani tundu la lenzi linaloingiza mwanga, ya f/1.8 ni f/1.8, na ikiwa mwenzako mwenye fremu kamili anatumia shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/200 ya sekunde kwa f/1.8 na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 400, nawe tumia hivyohivyo. Tofauti inakuja kwenye ukungu wa nyuma ya mtu. Ukirudi nyuma ili kupata fremu sawa na yake, kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana safi mbele na nyuma ya mtu, kinaongezeka, na f/1.8 yako itatoa ukungu unaofanana na takriban f/2.9 yake. Kwa picha ya mtu mmoja hilo ni pungufu kidogo. Kwa picha ya familia iliyojipanga safu mbili ni msaada, kwani safu ya nyuma inabaki safi bila kuziba apecha sana.

Kwa shata, kizidishio kinahusika. Mtikisiko wa mkono unakuzwa pamoja na picha, hivyo kwa 50mm anzia 1/80 na kwa 200mm anzia 1/320, isipokuwa lenzi ina kituliza mtikisiko. Mchezaji wa ngoma anayeruka hatulizwi na kifaa hicho. Kwake nenda 1/500 au zaidi, na uongeze ISO bila kuogopa.

Hatua ya tano: kinga mwanga wa pembeni, na beba uzito vizuri

Kikinga jua kinachokuja na lenzi ya fremu kamili kimepanuliwa ili kisionekane kwenye pembe za picha pana, na kwa kihisi kidogo kinaacha mwanga mwingi usiohitajika uingie, ilhali sehemu ya duara la taswira isiyotua kwenye kihisi nayo hupiga kuta za ndani ya kamera. Bahari ya Bagamoyo iko mashariki, kwa hiyo anayepiga ngalawa zikirudi asubuhi huwa amelikabili jua. Weka kiganja juu ya lenzi, nje ya fremu, na utaona weusi wa mashua ukirudi kuwa mweusi.

Zumu ya 70-200mm f/2.8 ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, mara nyingi mara mbili au tatu ya kamera ndogo ya kropu. Shika lenzi, si kamera, na stendi ifungwe kwenye pete ya lenzi.

Hatua ya sita: kagua kabla ya kununua

Ushauri wangu ni kununua lenzi za kati na ndefu za fremu kamili, na kwa upana kununua lenzi ya kropu, kama vile 10-18mm ya Canon, ambayo ni nyepesi na inaona kile ambacho 24mm haitakuonyesha kamwe.

Usidhani kila lenzi ya zamani itakuwa kali. Kamera ya kropu ya pikseli milioni 24 imezibana pikseli zake kama kihisi cha fremu kamili chenye zaidi ya milioni 50, hivyo udhaifu wa katikati ya lenzi utaonekana. Mulika ndani kwa tochi ya simu utafute nyuzi nyeupe za kuvu, kwani unyevu wa pwani huzilea haraka katika lenzi iliyofungiwa kabatini. Udhaifu wa pembeni, ambao kihisi chako kidogo hakiufikii, utaufichua kwa njia nyingine: omba kamera ya fremu kamili ya mwenzako kwa dakika chache, piga picha ukuta wa matofali kwa apecha iliyo wazi kabisa, kisha kuza pembe zote nne moja baada ya nyingine. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu zikiwa safi, lenzi hiyo huenda imewahi kuanguka au kufunguliwa, na usiinunue hata kama leo kamera yako haiioni pembe hiyo.