Kuhesabu ndege wa maji kila mwezi: mwongozo kwa kikundi kinachoanza

Kikundi cha watazamaji ndege kinapoanza, watu huja kwa hamu ya kuona. Mnaamka alfajiri, mnatembea kandokando ya maji, mnaonyeshana, na kila mtu anarudi nyumbani na orodha ya majina daftarini. Sisi tulifanya hivyo kwa miaka na tuliifurahia kweli. Kisha siku moja tukaulizwa kama ndege wa bwawa letu wamepungua tangu matete yaanze kukatwa. Daftari zetu zilijaa majina, lakini jibu hatukuwa nalo. Tulijua ni ndege gani wamewahi kuonekana pale. Walikuwa wangapi, na mwezi gani, hakuna aliyeweza kusema.

Tukaanza upya, safari hii kwa kuhesabu. Hizi ndizo hatua tunazofuata mpaka leo. Hazihitaji mtaalamu. Zinahitaji watu sita au saba walio tayari kufanya jambo lile lile, kwa namna ile ile, kila mwezi.

Hatua ya 1: Chagueni mahali mtakapopaweza

Msianze na ziwa zima. Chagueni ghuba moja, bwawa moja au kipande cha ufuo ambacho nusu ya wanachama wenu wanaweza kukimaliza kwa saa mbili, kwa sababu itafika miezi ambayo nusu hiyo ndiyo pekee itakayotokea. Ombeni ruhusa ya mwenye eneo mapema, na mwambieni mtakuja mara ngapi. Wala msipakatae mahali kwa kuwa ndege wake ni wachache: uchache huo nao ni habari.

Hatua ya 2: Gaweni eneo, kisha msiguse mipaka

Wekeni vituo vitatu au vinne vya kusimamia, mvipe herufi: A, B, C. Kila kituo kiwe na sehemu yake ya maji, na mpaka kati ya sehemu mbili uwe kitu kisichohama, kama mwamba, daraja au nguzo. Sisi mwanzoni tuliweka mpaka kwenye kichaka cha matete. Mwaka wa pili matete yakakatwa, na ikabidi tubishane mpaka ulikuwa wapi. Pigeni picha kutoka kila kituo, chorea mipaka juu ya picha, na mpeni kila mhesabuji nakala.

Kama hesabu ni ya asubuhi, kituo kitazame magharibi ili jua liwe mgongoni. Ukitazama jua, kila ndege huwa mweusi.

Amueni pia dakika za kila kituo, na msizibadilishe hata siku ambayo ndege ni wengi na mnatamani kubaki. Utafiti wa Ndege Wanaotaga wa Amerika Kaskazini, ulioanza mwaka 1966, umesimama juu ya kanuni kama hii: njia moja ina vituo 50, na katika kila kituo mtu husikiliza na kutazama kwa dakika 3 tu. Dakika 3 ni chache mno kuwaona ndege wote. Lakini zikiwa 3 mwaka huu na mwaka ujao na miaka hamsini baadaye, tofauti ya idadi inatoka kwa ndege wenyewe na haitoki kwa mhesabuji. Mwaka 2019 watafiti walitumia hesabu hizo pamoja na nyingine, wakaonyesha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege wapatao bilioni 2.9 tangu 1970. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea, kituo kwa kituo.

Hatua ya 3: Pangeni saa kwa kufuata maji

Kwenye bwawa la maji baridi hili ni jepesi: saa ile ile, wiki ile ile ya mwezi. Pwani, saa pekee haitoshi. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu hutawanyika matopeni kilomita nyingi wakila. Yakijaa, husogea na kukusanyika kwenye vipande vichache vya mchanga mkavu, na hapo ndipo mnaweza kuwahesabu. Kwa hiyo someni jedwali la maji na mhesabu karibu na kilele cha maji kujaa, kila mwezi katika hali ile ile. Mkichagua bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, iwe bamvua daima. Hesabu ya bamvua haiwezi kulinganishwa na ya maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Kama mnaweza kuhesabu mara moja tu kwa mwaka, chagueni Januari. Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Maji, inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kuhifadhi ardhioevu, imekuwa ikifanyika tangu 1967, na Januari ndio mwezi wake mkuu. Takwimu za kikundi chenu kidogo zitaingia kwenye kapu moja na za nchi nyingi.

Hatua ya 4: Zoezeni macho kukadiria

Hapa ndipo watu wengi huogopa, na ndipo ninapoomba mtumie muda mwingi kuliko hatua zote nyingine. Ndege 30 utawahesabu mmoja mmoja. Kundi la buabua 800 likiinuka ghafla halikupi nafasi hiyo.

Njia ni hii. Hesabu ndege 10 kwa usahihi, mmoja mmoja, kwenye ukingo wa kundi. Tazama wamechukua nafasi kiasi gani. Sasa ichukue nafasi hiyo kama kipimo na uisogeze juu ya kundi: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa sana, jenga kipimo cha 50 au 100 kwa namna hiyo hiyo. Kumbuka kwamba ndege hukaa wamebanana katikati na wameachana pembeni, hivyo kipimo ulichokitoa pembeni hupunguza. Chukua kimoja pembeni na kimoja katikati. Kundi likiwa linaruka kwa mstari, usilifukuze kwa darubini. Itulize darubini mahali pamoja, waache ndege wapite mbele yako, ukihesabu kumi kumi.

Zoezi lifanyieni nyumbani kabla ya kwenda majini. Mtu mmoja amwage punje za nafaka mezani, wengine watazame kwa sekunde kumi na kila mtu aandike idadi bila kusema. Kisha hesabuni punje zote. Mtagundua kwamba karibu wote mmeandika pungufu, na kadiri punje zinavyoongezeka ndivyo upungufu unavyokua. Jicho la binadamu hupunguza mambo makubwa. Usijisahihishe kwa kuongeza namba kiholela; rudia tu zoezi mpaka upungufu upungue wenyewe. Baada ya miezi mitatu hivi, wanachama wetu waliokuwa wakiandika 200 penye 350 walikuwa wakiandika 320 au 330.

Siku ya hesabu, piga picha ya kundi kubwa baada ya kukadiria. Nyumbani, ifungue picha na uweke nukta ya rangi juu ya kila ndege. Hiyo itakwambia jicho lako liko wapi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kila kituo kiwe na watu wawili. Mmoja anatazama na kutaja. Mwingine anaandika na kurudia kwa sauti alichoandika. Anayetazama asiondoe macho kwenye darubini ili kuandika, maana akirudi hatajua aliishia wapi. Tumieni penseli. Wino ukilowa na umande unaondoka na asubuhi yote.

Ndege wakiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, andikeni saa, idadi na mwelekeo: vitwitwi 140, kutoka B kwenda C, saa 1:20. Mwezi wetu wa tatu hatukuwa na desturi hiyo, na kundi moja la mabata lilihesabiwa A, likahesabiwa B, likahesabiwa tena C. Tulifurahi sana kuona idadi imepanda, mpaka tulipokaa pamoja na kugundua kwamba vituo vyote vitatu vilikuwa vimeandika idadi iliyokaribiana mno.

Usiyemtambua, mwandike kama usiyemtambua: "kitwitwi, spishi haijulikani, 12". Jina la kubahatisha halifutiki likishaingia kwenye kumbukumbu.

Sasa, sifuri. Kwenye karatasi yetu majina ya ndege wote wa kawaida yamechapwa tayari, na hakuna mstari unaoachwa wazi. Mkitazama na msimwone mwari, andikeni 0. Ukungu ukiziba sehemu C msiweze kuiona, chora kistari. Sifuri maana yake tulitazama na hakuwepo. Kistari maana yake hatukutazama. Mtu atakayesoma karatasi hiyo baada ya miaka kumi akitaka kujua heroe waliacha kuja lini, hana kitu kingine cha kumwambia isipokuwa sifuri zenu.

Mkiona ndege amevishwa pete za rangi, msomeni kutoka juu kwenda chini, mguu mmoja kisha mwingine. Kushoto ni kushoto kwa ndege, si kwako wewe unayemtazama uso kwa uso. Desturi ya kuwavisha ndege pete zenye namba ilianzishwa na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliyewavisha kwezi pete za alumini mwaka 1899. Kuvisha pete kunahitaji mafunzo na kibali, msijaribu wenyewe. Kusoma pete kwa darubini ni kazi ya kila mtu, na ripoti moja tu inaweza kuunganisha ufuo wenu na mahali alipozaliwa ndege huyo, bara jingine kabisa.

Hatua ya 6: Ingizeni takwimu siku ile ile

Kaeni pamoja kabla ya kuachana, mlinganishe karatasi, mtoe waliohesabiwa mara mbili. Kisha mtu mmoja aingize kwenye jedwali la kompyuta: mstari mmoja kwa kila spishi kwa kila kituo, pamoja na tarehe, saa, hali ya maji, upepo na majina ya wahesabuji. Mkitumia pia eBird, programu ya mtandaoni ya kuweka kumbukumbu za ndege ambayo imekuwepo tangu 2002, angalieni saa. Sisi tunasema saa moja asubuhi, programu inataka 7:00. Miezi minne ya hesabu zetu iliingia kama ya saa saba usiku, na mhakiki mmoja akatuandikia kwa upole kuuliza tuliwaonaje yangeyange gizani.

Mahali penye kiota cha ndege adimu msipatangaze popote. Karatasi halisi zihifadhini, hata baada ya kuziingiza.

Hatua ya 7: Pelekeni namba panapoamuliwa mambo

Chini ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, eneo la ardhioevu huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikiwa kwa kawaida inahifadhi ndege wa maji 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya ndege wote wa spishi au jamii moja. Hicho kigezo cha pili ndicho kinachonipa nguvu ya kuamka. Jamii ya ndege 30,000 inahitaji 300 tu mahali penu. Ndege 300 wanaweza kukaa kwenye kipande cha mchanga kisichozidi uwanja wa mpira, na kama hakuna aliyewahesabu mwaka hadi mwaka, mbele ya mwenye kutaka kujenga hapo ni kana kwamba hawapo.

Kwa hiyo kila mwaka andikeni ripoti ya kurasa mbili: jedwali, mchoro mmoja, na ramani ya vituo. Pelekeni kwa mwenye eneo, kwa halmashauri, na kwa mratibu wa hesabu ya Januari. Elezeni mlivyohesabu kabla ya kueleza mlichoona.

Hatua ya 8: Baada ya hesabu, okoteni mishipi

Tunamaliza kila hesabu kwa nusu saa ya kuokota mishipi ya kuvulia, ndoana na chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi. Chubwi za madini ya risasi ni sumu kwa ndege wanaomeza changarawe. Uingereza ilipiga marufuku nyingi kati ya hizo mwaka 1987 kwa sababu ya vifo vya batamaji, na idadi ya batamaji ikaanza kupanda tena.

Mkimkuta ndege amenaswa, mfunikeni kichwa kwa kitambaa chepesi ili atulie, mzishike mbawa zikiwa zimefungwa mwilini, na mlinde macho yenu dhidi ya mdomo. Tulimshika yangeyange mmoja ambaye mshipi ulikuwa umezunguka mguu wake mweusi mara tano au sita, juu kidogo tu ya vidole vya njano, na nyama imevimba na kuufunika. Hatukuuvuta. Tulipitisha ncha ya mkasi mdogo chini ya kila mzunguko, tukakata mmoja mmoja. Ndoana ikiwa imetokeza, kata kikulabu chake kwa koleo kisha uirudishe ilikoingilia. Akiwa ameimeza, usivute kamwe: acha kipande cha mshipi kikining'inia mdomoni na umpeleke kwa daktari wa wanyama.

Mishipi yote tunaitia kwenye mfuko mmoja, tunaipima, na kuandika gramu zake kwenye karatasi ile ile ya hesabu, mstari wa mwisho. Mwezi tusipookota kitu, tunaandika 0.