Kuzalisha miche ya aloe vera maabara

Kama unataka miche mingi ya aloe vera inayofanana na mama yake, chukua kichipukizi kichanga kile kinachotoka pembeni ya shina, usihangaike na jani. Kioshe na sabuni chini ya bomba, kizamishe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30 hivi, kisha jiki iliyochanganywa na maji dakika 10 hadi 15, halafu suuza mara tatu na maji yaliyopikwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa presha kinachoua vijidudu).

Chakula cha kichipukizi ndani ya chupa ni ile fomula ya Murashige na Skoog ya 1962 (mchanganyiko wa madini na vitamini), kwa lita moja weka sukari gramu 30, agari (unga wa kugandisha chakula kama jeli) kama gramu 8, homoni ya BAP (inayochochea vichipukizi kuongezeka) miligramu 1 au 2, rekebisha pH (kipimo cha uchachu) iwe 5.8 kabla ya kupika maana agari ikishaganda umechelewa, pika kwenye otoklevu nyuzi 121 dakika 15 hadi 20.

Sasa hapa ndo pa kuwa macho. Aloe ukiikata inatoa utomvu unaogeuza chakula rangi ya chai na kichipukizi kinakufa, kwa hiyo tia vitamini C na hamishia chupa mpya mapema. Chupa yenye ukungu usiifungue kabisa, ipike kwanza hivyo hivyo.

Chumba nyuzi 25, taa iwake saa 16 kwa siku. Vichipukizi vikijaa vigawanye, vya kuotesha mizizi visiwekewe BAP.

Kutoa miche nje ya chupa ndo wengi wanapoteza miche jamani, osha agari yote kwenye mizizi, panda kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika nailoni uwe unaifungua kidogo kidogo.