Somo: Shika nyeupe kwa e4, jenga juu ya askari wa c3

Somo hili ni la mchezaji wa sataranji anayejua kusogeza kete zote na kucheza mara kwa mara, ila akishika nyeupe hana njia yake. Leo anaanza na d4, kesho e4, keshokutwa anaiga alichokiona kwenye video. Kila mchezo unamkuta mgeni. Ninachokupa hapa ni fungu dogo la funguzi (mipango ya hatua za mwanzo wa mchezo) zinazofanana umbo, ili ulichojifunza kwenye moja kikufae kwenye nyingine.

Umbo lenyewe ni hili: askari wa d4 katikati, na askari wa c3 nyuma yake. Kazi ya c3 ni kumlinda d4. Nyeusi akimla d4 kwa askari wake, nawe unalipiza kwa askari, na katikati inabaki yako. Ukishaelewa hilo, nusu ya kukariri umeikwepa.

Naandika kwa herufi za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, x ni kula, + ni shaha (mfalme anashambuliwa), na O-O ni mfalme kuingia ngomeni upande mfupi. Hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi. Tafadhali weka ubao mbele yako kabla ya kuendelea.

Hatua ya kwanza: Nyeusi akijibu e5

Anza hapa, na kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine, kwa kuwa wachezaji wengi wanaoanza hujibu e5. Tunacheza Mchezo wa Kiitaliano: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d3.

Utauliza mbona d3 na si d4, wakati d4 ndiyo tunayoitaka. Jaribu kwenye ubao: 5.d4 exd4 6.cxd4 Bb4+. Katikati yako inapendeza macho, lakini inabidi ujibu shaha, na baada ya 7.Bd2 Bxd2+ 8.Nbxd2 Nyeusi anapiga d5 na fahari yote inavunjika. Kwa hiyo tunasubiri. Kwanza mfalme aingie ngomeni, kisha Re1, kisha h3 ili askofu wa Nyeusi asije g4 kumbana farasi wako. Ngome ikishaondoka f1, farasi wa pili anapita d2, f1, mpaka g3. Ni safari ndefu, lakini akifika g3 anautazama mraba wa f5, na upande wa mfalme wa Nyeusi unaanza kuwa na mashaka. Hapo d4 inasukumwa ikiwa na kete zote nyuma yake.

Mrudishe askofu wa c4 hadi b3 mapema. Nyeusi hupenda kucheza Na5 ili abadilishane naye, na c3 imeshamwachia nafasi ya kuteremka c2. Huyo askofu ni mali, usimtoe bure.

Angalizo moja la mpangilio. Nyeusi akicheza 3...Nf6 badala ya 3...Bc5, usikimbilie c3, maana atamla askari wako wa e4. Cheza 4.d3 kwanza, c3 ifuate. Mtafika kwenye umbo lilelile.

Hatua ya pili: Kifaransa na Sisilia, zisome pamoja

Kifaransa ni Nyeusi kujibu e4 kwa e6, na Sisilia ni kujibu kwa c5. Vitabu vingi huzitenga hizi mbili. Mimi nazifundisha siku moja, na sababu ni hii.

Dhidi ya Kifaransa tunasonga mbele: 1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3. Dhidi ya Sisilia tunacheza 1.e4 c5 2.c3, njia inayoitwa Alapin. Sasa Nyeusi akijibu Alapin kwa 2...e6, nawe ukacheza 3.d4 d5 4.e5, tazama ubao: ni nafasi ileile ya Kifaransa, kete kwa kete. Evgeny Sveshnikov, bingwa mkubwa aliyefariki 2021, alizicheza zote mbili, na wala si kwa bahati.

Kwenye nafasi hiyo vita yote ni juu ya d4. Nyeusi atamzingira kwa askari wa c5, farasi wa c6, malkia wa b6, na baadaye farasi wa f5. Wewe una c3, Nf3 na malkia wako d1. Baada ya 4...Nc6 5.Nf3 Qb6 napendekeza 6.a3, kwa nia ya kusukuma b4 na kupanua upande huo. Askari wa e5 anawabana Nyeusi upande wa mfalme, basi huna haraka.

Sisilia yenyewe ina majibu mawili ya kuandaa. Kwa 2...Nf6 unamfukuza farasi: 3.e5 Nd5 4.d4 cxd4 5.cxd4 d6 6.Nf3 Nc6 7.Bc4. Kwa 2...d5 ni 3.exd5 Qxd5 4.d4 Nf6 5.Nf3. Hapa pana gharama na ni haki uijue: kawaida malkia aliyetoka mapema hupigwa na farasi wa c3, lakini mraba huo una askari wako. Tulia. Nyeusi akiharakisha kula d4, unalipiza kwa askari huyo, c3 inabaki wazi, na farasi anapata njia ya kumsumbua malkia.

Hatua ya tatu: Caro-Kann

1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.Bd3. Askofu wa d3 anamzuia mwenzake asitoke f5, mraba ambao Nyeusi anautamani kuliko yote. Kisha c3, Bf4, Nf3, ngomeni, na ukipata nafasi, Ne5. Bobby Fischer alimshinda Tigran Petrosian, bingwa wa dunia aliyepita, kwa njia hii mjini Belgrade mwaka 1970.

Hatua ya nne: zilizobaki

Dhidi ya 1...d6 cheza 2.d4 Nf6 3.Bd3 na c3 ifuate. Dhidi ya 1...g6 cheza 2.d4 Bg7 3.c3, na askofu wa g7 atakuta ukuta. Skandinavia ndiyo peke yake inayotoka kwenye umbo letu: 1.e4 d5 2.exd5 Qxd5 3.Nc3, maana hapo farasi anampiga malkia papo hapo.

Kila mchezo ukiisha, tafuta hatua ya kwanza mliyotoka kwenye njia, nyinyi wawili. Iandike pamoja na jibu sahihi. Tovuti ya sataranji ya Lichess ni bure na ina sehemu ya kuhifadhi njia zako. Daftari nalo linatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, wenzangu klabuni wanasema Alapin ni ya kukwepa vita. Wana haki?

Hawana. Februari 1996, Philadelphia, kompyuta Deep Blue ilicheza 2.c3 dhidi ya Garry Kasparov akiwa bingwa wa dunia, na ikamshinda. Kasparov alilishinda pambano zima kwa 4-2, lakini mchezo ule haukuwa wa kukwepa kitu. Nyeupe alishambulia hadi mwisho.

Mimi nikicheza 1.e4 e5 2.Nf3, mpinzani ananiiga kwa 2...Nf6. Nifanyeje?

Mle askari: 3.Nxe5. Mwenye kujua atacheza d6 kwanza, nawe urudi 4.Nf3. Asiyejua atakula papo hapo, 3...Nxe4, nawe unacheza 4.Qe2. Farasi wake akikimbia f6, 5.Nc6+. Farasi wako anafungua njia ya malkia, mfalme yuko kwenye shaha, na farasi huyohuyo anamla malkia hatua inayofuata.

Shikamoo kocha. Kwenye Kifaransa naona watu wanacheza 6.Bd3 badala ya a3, wanaacha d4 bila ulinzi. Ni makosa?

Marahaba. Si makosa, ni mtego. 6.Bd3 cxd4 7.cxd4, na Nyeusi akila 7...Nxd4 unacheza 8.Nxd4 Qxd4 9.Bb5+. Askofu anatoa shaha, na malkia wako wa d1 anamla malkia wa d4. Lakini Nyeusi akitanguliza 7...Bd7, shaha hiyo haina nguvu tena na d4 analika kweli. Ukiendelea na 8.O-O unatoa askari kwa hiari ili upate kasi ya kete. Kama hupendi kutoa, baki na a3.

Mwalimu, mwanangu ana miaka tisa. Nimpe yote haya?

Hapana, mama. Mpe Kiitaliano tu, mpaka h3 na safari ya farasi kwenda g3. Akikutana na Sisilia mara ya kwanza, mwonyeshe 2.c3 na d4 siku hiyohiyo, akiwa bado anaikumbuka nafasi iliyomsumbua.