Achari yangu na akili mnemba

Nauza achari ya maembe hapa Langoni, Lamu. Simu yangu ina ufa, lakini kazi yaifanya.

Dada, usianze kwa kuiuliza programu ya akili mnemba simuni "nifanyeje biashara". Itakupa maneno matupu. Ipe hesabu yako: maembe, siki, pilipili, chupa, nauli ya boti hadi Shela. Ndipo uulize kila chupa uiuze bei gani upate faida. Kisha jumlisha mwenyewe kwa kalamu. Mimi nilisahau bei ya chupa tupu, nikauza kwa hasara wiki nzima ya Maulidi, mji umejaa wageni!

Tangazo liandike kwanza kwa Kiswahili sanifu, halafu uiambie ikutafsirie Kiingereza. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hakiielei. Niliandika "ndoo mununue", yaani njooni mnunue, ikanitungia tangazo la ndoo za maji.

PIN ya M-Pesa na namba za wateja usiiandikie kamwe.

Bando nunua ya saa moja tu, maswali uwe umeshayaandika daftarini. Yangu huyaandika usiku, watoto wakishalala.