Kurekodi Albamu ya Kwanza ya Jazi kwa Gharama Ndogo Unguja

Mpiga gitaa anayetaka kutoa albamu yake ya kwanza pamoja na mpiga besi na mpiga dramu asianze kwa kutafuta studio, bali aanze na mazoezi, kwani saa za studio hulipiwa na za barazani hazilipiwi. Vipande vinane vinatosha, na kila kimoja kiwe kimeshapigwa mbele ya watu, hotelini au kwenye hafla, hadi mwanzo wake, zamu za kila mmoja kubuni muziki papo hapo na namna ya kumalizia visihitaji tena mjadala. Mwaka 1959 mpiga gitaa Wes Montgomery wa Marekani alirekodi albamu yake ya kwanza akiwa kiongozi, kwa gitaa, ogani na dramu, katika siku mbili tu za Oktoba, na wenzake walikuwa wale wale aliokuwa akipiga nao Indianapolis.

Rekodini wote watatu kwa pamoja katika chumba kimoja. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe zinazopunguza kelele za uchochoroni, ila chokaa yake hurudisha mwangwi, kwa hiyo tandikeni mazulia na msimamishe magodoro nyuma ya dramu. Maikrofoni mbili zining'inizwe juu ya dramu na moja iwekwe kiasi cha shibiri moja mbele ya spika ya gitaa, pembeni kidogo ya katikati yake, ambapo ukali wa sauti hupungua. Gitaa la besi liunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia. Sauti ya dramu itavuja kidogo kwenye maikrofoni ya gitaa, jambo ambalo binafsi nalipenda, lakini maana yake ni kwamba mmoja akikosea, kipande chote kirudiwe.

Epukeni masika, hasa kama paa ni la mabati. Kipindi kirefu cha mchana kisicho na adhana ni asubuhi hadi kabla ya Adhuhuri. Zimeni feni na friji, ambayo husahauliwa kila mara.

Fedha iliyookolewa alipwe fundi mzuri wa kuchanganya sauti. Mkipanga upya wimbo wa taarabu, ruhusa ya mtunzi au warithi wake ipatikane kwa maandishi kabla ya kurekodi, na tungo zenu wenyewe zisajiliwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla hazijapandishwa mtandaoni.